Tulikuwa Tunalala Misibani

Baba yangu alijua kulia. Sisemi kulia kwa kudondosha machozi mawili halafu kupenga kamasi, hapana. Alikuwa anaanza mbali, kwenye kona ya njia, anashika kichwa kwa mikono miwili, anawaita watu kwa Kinyakyusa: "Mwe bandu! Mwe bandu, ndugu yangu ameniacha!" Mpaka afike uwanjani kwa wafiwa, wanaume wawili wameshamkimbilia kumshika asianguke. Na aliyekufa hata hamjui. Hajawahi kumwona maishani mwake. Jina lake kaliuliza dakika tano tu zilizopita, kwa mama mmoja aliyekuwa amejitwika kuni.

Msinicheke. Au basi, chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka mara ya kwanza, nikafinywa.

Naitwa Tupokigwe. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Ezron mitano, na hatukuwa na nyumba. Kwa miezi minne tulilala misibani.

Labda wewe unayesoma huijui misiba ya kwetu Rungwe. Kwetu mtu akifa, watu hawaji kusema pole na kuondoka zao. Wanalala. Wanatandika majani makavu ya migomba, ndani ya nyumba na nje chini ya turubai, wanakaa siku tatu, nne, hata wiki kama marehemu alikuwa na ukoo mkubwa. Wanawake wanakuja na kuni na mikungu ya ndizi na maziwa. Ng'ombe anachinjwa. Na hakuna anayemuuliza mtu anayelia, "Wewe ni wa wapi?" Ni aibu. Wa upande wa mume wanadhani huyu ni wa upande wa mke, wa upande wa mke wanadhani ni wa upande wa mume, na sahani inakuja.

Baba ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa na akili sana baba, tatizo lake halikuwa akili hata siku moja.

Zamani alikuwa karani kwenye ghala la kahawa la ushirika, Tukuyu mjini, na tulikaa nyumba ya kazini yenye sakafu ya saruji. Halafu zikaja zile ruksa za biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, wakulima wakawakimbilia, ushirika ukapunguza watu, na baba akapunguzwa. Sawa, hakupunguzwa peke yake. Wenzake walirudi vijijini wakashika majembe. Baba alirudi kwao Suma kwa siku mbili tu, akauza sehemu yake ya migomba pamoja na ya wadogo zake wawili, bila kuwaambia, akarudi mjini kuwa mfanyabiashara. Akanunua belo la mitumba. Tukalifungua sote kwa shangwe, hata mama alipiga vigelegele. Zilikuwa nguo za kuogelea. Tukuyu! Tukuyu ambako watu wanavaa sweta mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, na mvua haijui kupumzika!

Mama akasema anakwenda Tunduma kutafuta biashara ya maana, atakuja kutuchukua mwezi wa sita. Hakusema mwezi wa sita wa mwaka gani.

Tukahamia chumba cha nyuma kwa Mzee Mrisho, fundi cherehani. Alituvumilia sana yule mzee, mpaka binti yake Safina aliporudi kutoka Kyela na watoto wake, na chumba kikawa hakitoshi. Alitutoa kwa upole, akatupa na blanketi. Suma hatukuweza kwenda. Baba wadogo walishaapa kwamba wakimwona baba kule wanamkata panga, na kusema kweli sikuwalaumu. Basi tukawa tunalala chini ya meza za sokoni, blanketi linalowa, asubuhi tunalikamua, na Ezron akaanza kukohoa.

Hapo ndipo baba alipokuja na mpango wake. "Fuata kuni," alikuwa anatuambia. Asubuhi tunasimama barabarani, tunawaangalia wanawake. Ukiona watatu wanne wamejitwika kuni na ndizi, wamefunga kanga viunoni, wanakwenda upande mmoja na hawacheki, basi. Baba anamwamkia wa nyuma na kuuliza jina la marehemu. Jina kwanza, siku zote, hakuwahi kuingia msibani bila jina. Halafu tunaokota kuni njiani ili tusiingie mikono mitupu. Tukifika, kilio. Baada ya hapo unanyamaza, maana anayezidisha ndiye anayeangaliwa. Na siku ya kuanua matanga unaondoka alfajiri kabla watu hawajaamka vizuri, kwa sababu siku hiyo machozi yamekauka, watu wanaagana, na ndipo wanapoanza kuulizana nani anarudi na nani.

Tulikula, siwezi kukataa. Tulikula mbalaga, ndizi za kupika zenye nyama, mpaka Ezron akanenepa mashavu. Lakini mtoto akawa ameharibika. Asubuhi akiamka swali lake la kwanza ni, "Dada, leo nani kafa?" Anauliza huku anatabasamu. Nilimpiga kofi siku moja kwa swali hilo, halafu nikakaa nikalia, maana na mimi nilikuwa nimeamka nikiwaza hivyo hivyo.

Mwisho wake ulikuja kwenye msiba mmoja kijiji cha Mpuguso. Baba alishalia, alishashikwa, alishakalishwa na wanaume, na sisi tumekaa na wanawake tunakula. Kijana mmoja akamwangalia baba, akamwangalia tena. "Baba samahani," akasema, kwa sauti ambayo wote tuliisikia. "Wewe si ulilia kwa mjomba wangu, kule Masukulu? Ulisema marehemu ni kaka yako. Na huyu naye ni kaka yako?"

Watu waliacha kutafuna. Baba akaitua sahani yake chini.

Hawakutupiga. Msibani hapapigwi mtu. Wazee wawili walimshika baba mikono, wakamsindikiza mpaka barabarani kimya kimya, na mama mmoja akaja akachukua sahani mikononi mwa Ezron. Hakuwa mkali. Aliichukua tu. Ezron hakulia, alifumba mdomo haraka ili wasije wakachukua na kile kilichomo. Mpaka leo nikikumbuka ule mdomo wake natamani kuvunja kitu.

Tukarudi kulala nje. Siku tatu mfululizo mvua ilinyesha, tukiwa kwenye kibanda cha ndizi kisicho na ukuta, na siku ya tatu Ezron akawa wa moto, anapumua kwa shida. Nikamwambia baba, "Mpeleke hospitali." Akasema, "Nitampeleka. Kesho. Kweli kabisa." Jamani, kweli kabisa za baba! Belo la mitumba lilikuwa kweli kabisa. Sare yangu ya shule ilikuwa kweli kabisa. Mama kurudi ilikuwa kweli kabisa. Zingewekwa kwenye magunia zingejaza ghala lile la ushirika.

Kesho yake tukaona kuni zinakwenda kijiji cha Masoko. Baba akauliza jina: Mzee Nelson. Tukafuata, mimi nimembeba Ezron mgongoni. Tulipofika kona ya mwisho, vilio vinasikika, baba akasimama.

"Mimi wameshanijua," akasema. "Habari zimeshafika hadi huku. Ingieni ninyi wawili. Watoto hawaulizwi."

"Na wewe?"

"Nakwenda mjini kutafuta dawa ya huyu. Siku ya kuanua matanga, kabla watu hawajatawanyika, nitakuwa nimefika, niwachukue."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, Tupo."

Nikaingia msibani na mdogo wangu, na sikuhitaji kujifinya ili nilie.

Aliyetupokea ni Bibi Tusekile, dada wa marehemu. Ndiye aliyekuwa anatawala jikoni, mwembamba, mkali, anaamrisha wanawake wenye umbo mara mbili yake na wote wanatii. Alimsikia Ezron akikohoa, akaacha mwiko, akaja, akaweka sikio kwenye kifua chake.

"Huyu kifua kinanguruma," akasema. "Nani alimlaza nje huyu?"

Nikamfuta Ezron kamasi.

"Sikiliza, mjukuu. Akilala nje tena kwenye hii mvua mtamzika. Sikutishi. Nimezika watoto, naijua hii sauti."

Akampa maziwa ya moto, akamfunga mgongoni kwake kwa kanga, akarudi kupika naye hivyo hivyo. Usiku alimlaza ndani kwake, karibu na moto. Siku ya pili jasho likamtoka Ezron, siku ya tatu akaomba ndizi. Hakuuliza nani kafa. Nilikuwa naokota kuni, nachota maji, naosha sufuria, nafanya kila kitu kabla sijaambiwa, na kichwani nina jambo moja tu: matanga yakianuliwa tutakwenda wapi? Kila nikifikiria nasikia, mtamzika, mtamzika.

Siku ya nne ikafika. Sikuondoka alfajiri kama baba alivyotufundisha. Ningempeleka wapi Ezron alfajiri, na ukungu ule? Watu wakafagia uwanja, wakakusanya majani tuliyolalia wakayatupa kwenye migomba, wanawake wakafunga mizigo yao. Halafu wazee wakaita kikao cha ukoo pale pale nje, wengi wetu tukakaa chini. Mzee Nelson alikuwa analea wajukuu wawili waliofiwa na wazazi, na ilibidi wapate mtu.

"Hawa watoto hawana baba, hawana mama, na sasa hawana babu," mzee aliyeongoza kikao akasema. "Nani anawachukua?"

Hakumaliza vizuri. Mikono ilinyooka. Shangazi mmoja akasema waje kwangu, mwingine akasema wewe una wengi, waje kwangu mimi, kidogo wagombane. Nilikaa nawaangalia wale watoto wawili, na Mungu anisamehe, niliwaonea wivu. Niliwaonea wivu yatima!

Ndipo mzee akanigeukia. "Na ninyi? Ninyi ni watoto wa nani? Baba yenu anakuja kuwachukua?"

Uwanja mzima ukanitazama. Nikatazama njia: tupu. Nikisema anakuja, watatupeleka pale konani tukamsubiri, na mawingu yalishashuka. Nikisema sijui aliko, watatafuta ukoo wetu, watatupeleka Suma, kwa watu ambao baba aliuza migomba yao. Nikamtazama Ezron. Alikuwa mgongoni kwa Bibi Tusekile, amelala, mdomo wazi, anapumua bila kukoroma kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Baba amekufa," nikasema.

Nilikuwa na hasira naye, sitaki kudanganya. Lakini sikutaka afe. Nilitaka mdogo wangu alale ndani.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Huko mjini."

"Na mama?"

"Hayupo." Hilo halikuwa uongo.

"Baba yenu aliitwa nani?"

Sikuwa nimeandaa jina. Yeye aliyatafuta majina ya wengine miezi minne, na mimi sikuandaa hata moja. Likatoka la kwake.

"Anyelwisye."

Bibi Tusekile akapiga ukelele. "Mwe bandu! Watoto wamekaa hapa siku nne wanaosha vyombo vyetu, wamefiwa na hawasemi! Mwe, Anyelwisye, umeenda umewaacha watoto wako!" Wanawake waliokuwa wamejitwika mizigo tayari wakaitua chini. Wakaja wakanizunguka, wakalia upya, wakilitaja jina la baba yangu, mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na machozi yao yalikuwa ya kweli kabisa. Nami nikalia. Nililia mpaka tumbo likaniuma.

"Hawa ni wangu," Bibi Tusekile akawaambia wazee. "Asije mtu kunijadili." Hakuna aliyemjadili.

Na hapo ndipo nilipoinua macho nikamwona baba.

Hakuja siku ya sare. Hakuja siku tuliyofunga shule nikabaki nimekaa getini mpaka giza. Siku hiyo alikuja, na alikuja kwa wakati, kabla watu hawajatawanyika, kama alivyosema. Alikuwa amelowa mpaka magotini, kashika mkate kwenye mfuko wa nailoni. Pale mwanzo wa uwanja alimsimamisha mama mmoja aliyechelewa kutua mzigo, nikajua anamuuliza nini. Niliona mdomo wa yule mama ukisema. Nikaona mkono wake ukituonyesha sisi. Wanawake wakawa bado wanalia, Anyelwisye, Anyelwisye.

Baba akashika kichwa kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Lakini sauti haikutoka. Alisimama hivyo hivyo, mkate unaning'inia sikioni, mdomo wazi, kimya. Halafu akaja akakaa chini mwishoni kabisa mwa wanaume, akainamisha uso, mabega yanatikisika. Hakuna aliyekimbia kumshika. Nilikuwa nimemwona akilia misiba isiyohesabika na sikuwahi kumwona akilia bila sauti.

Baada ya muda akainuka, akaja upande wetu kutoa pole.

"Ulimfahamu marehemu?" Bibi Tusekile akamuuliza.

"Nilimfahamu, mama."

"Alikuwa mtu gani?"

"Mtu wa maneno mengi. Lakini watoto wake alikuwa anawapenda."

"Anawapenda!" Bibi akafyonza. "Nisimseme marehemu vibaya. Ila huyu mdogo ameletwa kwangu amebakiza kidogo tu."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa yenye vidonge. "Hii ni ya kifua. Nilikuwa nampelekea mtoto wangu. Mpe huyu."

"Na wako je?"

"Wangu amepata mtu wa kumtunza," baba akasema. Akanyoosha kidole, akaugusa unyayo wa Ezron uliokuwa unatokeza kwenye kanga. Ezron hakuamka. Nilimwomba Mungu asiamke. Angeamka angeita baba, na mambo yote yangeishia pale.

Bibi Tusekile hakuwa mjinga. Alimtazama baba usoni, akageuza shingo akamtazama Ezron, akarudi kwa baba. Ezron ana masikio ya baba, kila mtu alikuwa anasema hivyo.

"Tupokigwe," akaniita, taratibu. "Huyu baba unamfahamu?"

Baba akanitazama. Sijui alitaka nijibu nini. Nimekuwa mtu mzima sasa na bado sijui. Ningesema huyu ndiye, angecheka, angesema mtoto kachanganyikiwa na homa ya mdogo wake, angetuchukua, na tungeondoka na ule mkate, na mkate ungekwisha kabla ya jioni. Kwa mbali mvua ilikuwa imeshaanza, upande wa ziwani.

"Simfahamu, bibi," nikasema.

Baba akatikisa kichwa, kukubali. Akanipa mikono yote miwili, kama watu wanavyowapa wafiwa. Ilikuwa ya baridi.

"Pole sana, binti," akasema. "Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa," nikamjibu, maana ndivyo mfiwa anavyojibu, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Akauweka mkate kwenye mkeka, karibu na goti langu. Wanaume wakamwita: "Kaa, baba, ndizi zipo, na nyama imebaki." Akasema anashukuru, anakwenda mbali. "Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Bibi Tusekile alikaza kanga aliyombebea Ezron. Nikamfuata baba kwa macho mpaka konani, na hakugeuka.

Miezi minne tulizunguka naye misiba ya wilaya nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba akitoka msibani bila kula.